Anasinzia kwenye daftari: je, aache mpira?

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza kiungo timu ya shule na ya mtaa. Alama za hisabati zimeshuka kutoka B hadi D. Akitoka mazoezini anakula, anafungua daftari, anasinzia. Baba yake anataka aache mpira kabisa. Tufanyeje?
Mama, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama, msimwachishe. Kinachomzidi ni timu mbili. Achague moja, mazoezi siku tatu na mechi moja kwa wiki. Na kocha aambiwe na kijana mwenyewe, kwa adabu. Kujieleza mbele ya mkubwa ni sehemu ya kukua, msimnyang'anye.

Kusinzia kwake huenda kunaanzia mchana. Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho linakauka upesi, hivyo hajui amepoteza maji kiasi gani. Anywe nusu lita saa mbili kabla ya mazoezi, na aende na chupa nyingine uwanjani. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, maji hayajamtosha.

Akirudi saa 12:30 jioni aoge, anywe kikombe cha uji wa uwele wenye karanga, kisha akae na somo gumu dakika 40. Ugali uje baadaye. Sahani iliyojaa ikitangulia, na mwili umechoka, hata mwenye bidii hamalizi ukurasa. Saa 3:30 usiku simu ibaki sebuleni, alale hadi 11:30 alfajiri. Hizo ni saa 8; wataalamu wanashauri 8 hadi 10 kwa umri wake. Siku zisizo na mazoezi afanye maswali kumi ya hisabati, aandike njia yote.

Akichaguliwa kwenda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kabla ya kuondoka awaulize walimu mada zitakazofundishwa. Wengi wakirudi hunakili daftari la mwenzao wakadhani wamefidia. Haitoshi kabisa! Afanye maswali ya mada hizo, mwalimu asahihishe.

Akilalamikia kinundu kilicho chini ya kifuniko cha goti, apumzike na mumpeleke kituo cha afya. Mifupa bado inakua, asilazimishe.

Kwa baba yake, wekeni makubaliano: hisabati ikifika C mwisho wa muhula, anaendelea, isipofika, mazoezi yawe siku mbili. Kidato cha nne mtihani wa taifa ni Novemba, kwa hiyo marekebisho yaanze sasa.