Muulize Fundi wa Nuru: Nibadilishe kadi ya grafiki?

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko chuo mwaka wa pili, kompyuta yangu ina kadi ya grafiki ya michezo. Nataka nikokotoe hologramu ya kichwa cha mtu, watu waizunguke waione hata kwa pembeni, kama Tupac alivyoonyeshwa jukwaani kwenye tamasha la muziki la Coachella, Marekani, mwaka 2012. Kadi itatosha, au ninunue kubwa zaidi? – M., Morogoro

JIBU: Marahaba. Hela yako iache mfukoni kwanza. Yule Tupac hakuwa hologramu hata kidogo. Ilikuwa video iliyoakisiwa kwenye utando angavu, ujanja aliouonyesha John Henry Pepper kule London mwaka 1862.

Hologramu halisi ni michirizi midogo mno inayopindisha nuru ya leza. Sasa shika kalamu. Leza ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 532. Vioo vya 4K vya maabara, yaani vibamba vya piseli vinavyochora michirizi hiyo, vina piseli za mikroni 3.74 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwa ukubwa huo nuru inapinda nyuzi 4 tu kila upande. Mtazamaji akisogea kidogo, kichwa kimepotea! Ukitaka nyuzi 30, piseli lazima ishuke hadi mikroni 0.53. Bamba la sentimita 10 kwa 10 hapo linabeba piseli bilioni 35, wakati skrini ya 4K ina milioni 8.3. Na kila nukta ya hicho kichwa inatuma nuru kwa kila piseli: nukta 100,000 tu zinakupa mahesabu trilioni 3,500, kwa picha moja isiyosogea.

Njia za mkato zipo. Wengi hukata umbo matabaka na kulipigia hesabu kila tabaka kwa FFT, hesabu ya haraka inayochambua picha kuwa mawimbi. Mwaka 2021 Liang Shi na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walifundisha mtandao wa neva (programu ya akili bandia) usiofika megabaiti 1, na kadi moja ikatoa hologramu 60 kwa sekunde, lakini za piseli 1920 kwa 1080. Kwa hiyo mgonjwa wako ni kioo, si kadi.

Anza hivi: chukua herufi moja, ipitishe kwenye FFT ya Python (lugha ya kuandikia programu), chapisha matokeo kwa printa ya leza ya dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kwenye plastiki angavu, kisha pitisha tochi ya leza nyekundu. Ukutani, mita 3 mbele, herufi itatokea ndogo, haifiki sentimita 5, na pacha wake kichwa chini ng'ambo ya pili ya doa jekundu. Usichungulie leza kwa jicho, hata kupitia plastiki hiyo.