Ukipata ajali ya basi au lori usisaini kitu ukiwa kitandani

Nayaandika haya sababu wiki hii jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, kavunjwa mguu na lori, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni nisaini hii karatasi ya wenye lori au nisisaini. Nikamwambia, "Dada yangu, hapana, iweke chini kwanza."

Mimi yalinikuta nikitoka Dar, basi letu likagongana na semi njia ya Segera. Nyonga na mguu wa kulia. Siku ya tatu niko hospitali ya Bombo akaja mtu wa wenye basi, mpole kweli, kabeba matunda na bahasha ya laki tatu na karatasi imechapwa kwamba nimelipwa na sidai tena. Mama alishaanza kutafuta kalamu, hela ya dawa ilikuwa imeisha jamani. Shemeji akaisoma akakataa, na ndo aliyeniokoa, mana laki tatu haikutosha hata vyuma nilivyowekwa.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Nilidhani kesi ya trafiki ndo kesi yangu, kwaiyo nikakaa nasubiri dereva ahukumiwe nikijua siku hiyo nitaitwa nipewe changu. Kumbe ile ni ya jamhuri na dereva, akipigwa faini inaenda serikalini, wewe ya kwako ya fidia unaifungua mwenyewe, ya madai, na una miaka 3 tu kuanzia siku ya ajali. Hukumu ya trafiki inakusaidia kama ushahidi lakini usiisubirie. Mimi nilishtuka mwaka na nusu umeshapita!

Wakili aliponipokea alitaka PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa), PF90 (ripoti ya polisi ya ajali), ripoti ya ukaguzi wa magari, risiti zote hadi za bajaji za kwenda kliniki, na tiketi. Tiketi mama alikuwa kaihifadhi ndani ya msahafu wake, Mungu ampe maisha marefu, mana upande wa pili walianza kusema sikuwemo kwenye basi. Kuhusu lori, kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, mwambie ndugu apige picha zote mbili pamoja na stika ya bima kabla halijavutwa. Hata kama wana bima ndogo tu (third party), hiyo bima ndogo ndo ya watu kama sisi tulioumizwa, na stika unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Tulimshtaki dereva pamoja na mwenye gari, sababu dereva akiwa kazini kosa lake linambebesha na tajiri, alafu wakili akawapa notisi watu wa bima.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini wanataka nusu kwa nusu. Wakili muulize namba yake ya uwakili umhakiki. Kama huna hela kabisa, tangu sheria ya 2017 kuna msaada wa kisheria bure, nenda halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Na kama aliyeumia ni utingo au dereva mwenyewe, yeye mwajiri wake apeleke taarifa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ule mfuko ni wake.

Jirani karatasi hajaisaini. Kesho asubuhi nakwenda naye polisi kuulizia PF90.