Penseli na kalamu za kununua kwa jumla, hasa kwa shule za baridi

Mkuu, umesema una darasa la kwanza na la saba huko Makete, wazazi wamechanga, na Jumamosi unashuka Njombe kununua penseli na kalamu kwa jumla. Nimefundisha Makete kabla ya kuhamishiwa Rungwe, kwa hiyo baridi yako naijua, na mvua za Tukuyu ndizo ninazoishi nazo sasa.

Penseli kwanza, maana ndiko hela inakopotea. Usiangalie rangi ya nje wala picha kwenye boksi. Geuza penseli utazame kitako chake: risasi inatakiwa ikae katikati ya mti. Ikiwa imeegemea upande, ukichonga mti unabaki umeifunika upande mmoja, na mtoto akikandamiza kidogo tu ncha inakatika. Chukua za pembe sita. Za mviringo zinabingirika kwenye dawati, zinaanguka kwenye saruji, risasi inavunjika ndani kwa ndani wakati nje huoni kitu. Hapo utachonga, kipande kidondoke, uchonge tena kidondoke kingine, hadi penseli iishe, halafu mtoto wa watu anaambiwa anakula penseli!

Ugumu: HB, yaani ya kati, si ngumu wala laini, basi. Risasi ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu (hizo ni H), na kwenye karatasi za madaftari yetu inachana. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi (B, 2B). Hizo mtoto anaandika bila kutumia nguvu, ila zinaisha haraka na daftari zima linachafuka kwa mkono unaopita juu yake. Darasa la saba nao wanazihitaji HB, kwa sababu kwenye mtihani wa taifa maswali ya kuchagua yanajibiwa kwa kuweka kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine, utaratibu ulioanza 2012. Wazoeshe mapema, na ufutio uwe safi. Ule mgumu unaokwaruza unaacha doa.

Kichongeo ndicho watu wanachokidharau. Vile vya plastiki vya bei ya chini vinabutuka upesi, na wembe butu unavunja penseli nzuri kabisa. Nunua vya chuma vichache vyenye skrubu, vikae mezani kwako. Nyembe kwa darasa la kwanza sikubaliani nazo hata kidogo, najua shule nyingi zinaruhusu.

Kalamu sasa. Wino wa kalamu za kawaida za kigololi, BIC na jamii yake, ni wa mafuta. Faida yake utaiona masika: daftari likilowa njiani, maandishi yanabaki. Kalamu nyingi za jeli wino wake ni wa maji, huku Tukuyu nimeona madaftari yamegeuka bluu tupu, tena zinapenya upande wa pili wa karatasi na zinaisha haraka. Hasara ya wino wa mafuta ni baridi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba unakuwa mzito, kalamu inakwaruza bila kuandika. Watoto wataichomea moto ncha, wakataze, plastiki inalegea na wino unavuja. Waiweke kwapani kwanza, itaandika.

Rangi ni bluu au nyeusi, ndizo zinazokubalika kwenye mtihani. Nyekundu za kusahihishia usizitoe kwenye mchango wa wazazi, hizo ni juu ya shule.

Dukani omba kufungua boksi, uchomoe kalamu tatu nne za katikati, siyo za juu, uandike nazo mstari mzima kwenye karatasi ya daftari lenyewe, siyo kwenye boksi wala kiganjani. Penseli moja waichonge mbele yako. Muuzaji akigoma, nenda duka linalofuata, Njombe mjini hayapungui.