Ahadi za afya jukwaani: maswali yenu kutoka Kigoma

*Samia alisema maiti hazitazuiliwa tena hospitalini. Ina maana deni limefutwa? (Ujiji)*

Hapana, kaka, usichanganye. Alipozindua kampeni Agosti 2025, mgombea wa CCM aliahidi kupiga marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya gharama za matibabu. Kuruhusu mwili utoke ni jambo moja, kufuta deni ni jingine. Na ahadi nzuri kama hii ina mlipaji: hospitali hununua sehemu ya dawa kwa makusanyo yake, kwa hiyo deni lisilolipwa leo huonekana dirisha la dawa kesho. Siku ya mkutano muulizeni anayeinadi, pengo hilo litazibwa na fungu lipi?

*Nina kadi ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii). Hii bima ya wote inakuja kuifuta? (Kalya)*

Kwanza tuwekane sawa: bima ya afya kwa wote haikuanzia kwenye kampeni. Bunge liliipitishia sheria Novemba 2023. Kilichoahidiwa mwaka 2025 ni kuianza kwa majaribio ndani ya siku 100. CHF iliyoboreshwa mnaijua: ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Kwa mvuvi anayepata pesa msimu dagaa wakiwepo, si bei ya kutisha. Kinachowakatisha watu tamaa ni dirisha la dawa. Cheti kina dawa tatu, moja imepigwa tiki, mbili "kanunue nje", na kadi yako mkononi ni halali kabisa. Mwakani huyo atalipa tena? Mimi simlaumu akikataa. Kwa hiyo mgombea akitaja bima bila kutaja dawa, ameeleza nusu. Na nyie wa mwambao wa Ziwa Tanganyika muongezeeni swali la boti ya wagonjwa, maana rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa, kwa mtumbwi wa injini usiku si rufaa.

*Mjamzito anatibiwa bure, mbona tunaambiwa tuje na glovu? (Kasulu)*

Msamaha upo kisera tangu zamani, pamoja na watoto chini ya miaka mitano. Glovu ndizo hazipo. Ukidaiwa, peleka kwenye kamati ya kituo. Ina wawakilishi wenu.

*Mgombea udiwani wetu anasema atatujengea zahanati. Anaweza? (Buhigwe)*

Peke yake, hawezi. Diwani hana mfuko wa ujenzi, ana kura katika baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri. Zahanati kila kijiji ilishakuwa mpango wa taifa tangu 2007, na kuta zimesimama kwingi. Muulizeni muuguzi atatoka wapi na atalala nyumba ipi.