Maswali yenu: Spy Kids ya nne, namba za kwenye skrini na mama wa kambo

Wiki hii maswali karibu yote ni ya Spy Kids ya nne, zile muvi za watoto wapelelezi, hii ni ile ya 2011 inaitwa All the Time in the World. Nilishaandika kwamba ilinivunja moyo na wengi hamkukubali, sawa, twende tu.

Nimewekewa hii muvi kwenye flashi, kuna namba zinatokea kwenye skrini kisha zinapotea. Kopi mbovu?

Kopi yako nzima kaka. Kule Marekani ilipoingia sinema watu walipewa kadi yenye sehemu nane, namba ikitokea kwenye skrini unakwangua sehemu yenye namba hiyo unanusa, waliita Aroma-Scope na wakatangaza kwamba muvi ni 4D, yaani 3D ukiongeza harufu. Wachambuzi wengi walioikwangua walisema harufu zote zinafanana. Na wala halikuwa jambo jipya, mwongozaji John Waters alishagawa kadi za hivyo 1981 kwenye muvi yake Polyester. Sasa tatizo langu siyo kadi, mtoto kufurahia kunusa pipi sinema siyo dhambi, tatizo langu ni kwamba hadithi imekatwakatwa ili ipishe kadi. Watu wanakimbizwa, unaanza kushikwa, ghafla tunasimama kwa ajili ya matapishi au nepi maana kuna kitu inabidi kinuswe. Wewe wa flashi huna kadi kwa hiyo unayaona mashimo yote wazi wazi. Ya tatu, 2003, ilikuwa na ugonjwa huo huo, miwani ya rangi mbili ya kuangalia 3D na mwigizaji Stallone amejazwa humo ndani, na kwa sababu iliuza sana watu wakajifunza somo baya, kwamba ukiwa na kitu cha kugawa mlangoni hadithi itajijua yenyewe.

Naomba link ya kudownload.

Hili naulizwa kila wiki na kila wiki jibu ni hapana. Soma majibu ya nyuma kabla hujaandika.

Nianze na ipi?

Ya kwanza, 2001. Ndo maana inaitwa ya kwanza jamani.

Mimi ni mama wa kambo wa binti wa miaka 10, bado hatujazoeana. Nimesikia ya nne inahusu mama wa kambo, nikae nae tuangalie?

Dada yangu hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, na ndo kinachoniuma kuliko hizo harufu zote. Jessica Alba ni Marissa, mpelelezi, mwanzo kabisa wa muvi ana uchungu wa kujifungua na bado anamfukuza adui mpaka anamkamata ndo anaenda hospitali. Kisha anaacha kazi, anakaa nyumbani na watoto mapacha wa mume wake, Rebecca na Cecil. Rebecca hamtaki, anamfanyia vituko kila siku, na Marissa hawezi hata kusema yeye ni nani kweli maana mume hajui mkewe alikuwa mpelelezi, wakati huo huo mume ana kipindi cha TV cha kuwasaka wapelelezi. Hebu angalia utajiri uliopo hapo! Kuna sehemu anampa Rebecca kidani, zawadi ya mtu anayeomba kupokelewa, kila aliyewahi kuingia kwenye nyumba yenye watoto wa mwenzake anaijua ile hali ya kutoa zawadi huku mkono unaogopa. Wamefanya nini na kidani? Kimegeuzwa kuwa jiwe linalotafutwa na adui anayeiba muda, na kuanzia hapo ni kukimbizana na mbwa roboti anayeongea bila kupumua. Kusema kwamba wazazi watenge muda na watoto, wanasema, tena sijui mara ngapi, ila muvi yenyewe haitengi muda wa hao wawili kukaa wakaongea.

Ya kwanza haikuwa hivyo. Wazazi wametekwa, Carmen na Juni wanagundua hawakuwajua baba na mama yao, halafu baba nae ana kaka yake waliyekosana miaka mingi, kwa hiyo vile vidude na vidole gumba vinavyotembea vilikuwa vimeshikwa na ugomvi wa kifamilia unaoeleweka. Mwongozaji wake Robert Rodriguez kazaliwa familia ya watoto kumi Texas, na ile unaona kabisa imetoka nyumbani kwake.

Kwa hiyo angalieni, ila usiiachie muvi kazi yako. Ikifika pale kwenye kidani zima kidogo, muulize angekuwa yeye angekivaa? Na asipojibu usimsukume, endeleeni tu.

Mwanangu ana miaka 7, nimuwekee My Spy ya pili, ile ya Italia?

Usimuwekee. Marekani imepewa PG-13, maana yake wazazi wa walio chini ya miaka 13 wamepewa tahadhari, na utani wake mwingi ni wa wakubwa. Nawaambia na wenye vibanda umiza, kumuona mtoto kwenye kava hakuifanyi iwe muvi ya watoto, acheni kujaza wadogo mle ndani mchana kutwa bila kuangalia mnaweka nini. Na hata kama ana miaka 14 bado atapata kidogo. Kwenye My Spy ya kwanza, ile ya 2020, binti Sophie alimnasa mpelelezi anayeigizwa na Dave Bautista na kamera zake mwenyewe akamlazimisha amfundishe, akili yote ilikuwa ya mtoto, hii ya 2024 wamempeleka Italia na kwaya ya shule, kapendezewa na mvulana, risasi zimeachiwa wakubwa.

Ile Spy Kids ya Netflix ya 2023, Armageddon?

Afadhali kuliko ya nne. Familia mpya, ila angalau wazazi na watoto wapo ndani ya hadithi moja.

Kwenye ya nne Carmen na Juni walikufa?

Nani kakwambia? Wapo, wamekuwa wakubwa, walikuwa wamepoteana wakarudiana. Wasiokuwepo ni baba na mama yao, Banderas na Gugino, na pengo lao nililisikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho.