Kifyonza vumbi kidogo cha kuchaji: kipi kinafaa?

Dada, umeuliza ununue kifyonza vumbi kipi kidogo cha kuchaji kwa makombo ya mkate, mchele uliomwagika na mchanga wa mlangoni. Usichague kwa kuangalia wati. Wati zinaonyesha umeme unaoliwa na mota, si nguvu ya kufyonza. Tafuta namba ya paskali (Pa), yaani kipimo cha nguvu ya kuvuta, kwenye boksi, na hata hiyo usiiamini moja kwa moja. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, umwage punje za mchele pale pale ujionee.

Mimi ningeanza na chujio. Unga na vumbi laini huliziba haraka sana, na likishaziba mashine inanguruma tu bila kuvuta kitu. Chukua yenye chujio la kuoshwa, na hakikisha la akiba linapatikana dukani. Ukiliosha, liache likauke kabisa, hata saa 24, ndipo ulirudishe.

Betri iwe ya lithiamu. Nyingi hudumu dakika 10 hadi 20 tu. Zinatosha meza na makochi, si nyumba nzima. Kama mtoto humwaga uji, nunua inayovuta na majimaji, maana ya kawaida maji huiua. Na tafadhali, majivu ya jiko la mkaa usiyavute hata yakionekana yamepoa: kaa dogo lililojificha linaweza kuwasha moto humo ndani.