Jibu: Zulia limeoshwa na mafundi mchana, usiku linanuka na doa limerudi

Dada, nimesoma swali lako. Mafundi wamekuoshea zulia la sebuleni kwa mashine ya maji ya moto, lile lililotandikwa ukuta hadi ukuta, wakaondoka wakikuachia neno moja tu: "usikanyage mpaka kesho". Ukafunga madirisha na mlango ili vumbi lisiingie. Sasa ni usiku, chumba kinanuka, doa la kahawa lililokuwa limetoka linaanza kuonekana tena, na unauliza kama urudishe makochi mahali pake au uwapigie mafundi wakurudishie hela yako.

Nimefanya kazi ya kuosha mazulia kwa miaka mingi, majumbani na maofisini. Kabla ya yote, nenda ukafungue huo mlango. Washa na feni kama unayo, halafu urudi tuendelee.

Mashine ile inapuliza maji ya moto yenye dawa ndani ya nyuzi, kisha inayafyonza pamoja na uchafu. Haiwezi kuyafyonza yote. Hata fundi makini, anayepitisha mdomo wa mashine mara mbili tatu bila kumwaga maji, huacha unyevu ndani ya zulia, na unyevu huo hauna pa kwenda isipokuwa hewani. Hewa ya chumba kilichofungwa hujaa mvuke mapema, na ikishajaa, zulia linabaki vilevile hata ulisubiri usiku kucha. Kwa hiyo neno la "usikanyage" peke yake halitoshi. Walipaswa kukwambia uache hewa itembee. Mimi naona kuosha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili anaifanya mwenye nyumba baada ya fundi kuondoka, na mara nyingi hakuna aliyemweleza.

Hewa ikitembea vizuri, zulia lililooshwa kwa maji ya moto hukauka kwa muda wa saa 6 hadi 12. Likiwa nene, au siku ikiwa ya unyevunyevu, linaweza kufika saa 24. Zipo njia za kuosha kwa maji kidogo ambazo hukausha kwa saa moja au mbili, lakini yako sio hiyo. Kinachonifanya nisisitize muda ni kuvu. Kitu kilicholowa kikikaa kati ya saa 24 na 48 bila kukauka, kuvu huweza kuanza kuota, na ikishaingia kwenye godoro la chini ya zulia, ile sponji inayotandikwa kati ya zulia na sakafu, huwezi kuitoa kwa kupangusa juu. Wewe bado uko ndani ya muda, usihofu.

Sasa feni. Watu wengi huielekeza chini, ilitazame zulia uso kwa uso, na matokeo yake panakauka sehemu moja tu. Iweke chini karibu na mlango au pembeni mwa chumba, upepo wake uteleze juu ya zulia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila baada ya saa moja au mbili ihamishe, maana kona za nyuma ya mlango na zile zilizo kati ya kuta mbili hubaki na maji wakati katikati ya chumba pameshakauka. Kama una feni ya darini, iwashe pia.

Madirisha yanategemea nje kukoje. Nje kukiwa kukavu, fungua madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Mvua ikiwa inanyesha au kuna ukungu mzito, ukifungua unaingiza unyevu mwingine. Hapo funga, washa kiyoyozi au mashine ya kupunguza unyevu, na uache feni ikizunguka. Chumba chenye joto la kawaida la kukaa watu kinatosha. Usisogeze hita ya umeme karibu na zulia kwa kutaka likauke haraka. Nyuzi za plastiki huyeyuka, gundi ya nyuma huharibika, na hatari ya moto ni ya kweli kabisa.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine ni kwamba zulia hukauka juu kwanza na chini mwisho. Ukipitisha kiganja ukasikia pakavu, umepima ncha za nyuzi tu. Chini ya nyuzi kuna kitambaa kinachozishika, gundi, kitambaa cha pili, na mara nyingi godoro jembamba. Huko ndiko maji yanakojificha. Pima hivi: chukua karatasi laini nyeupe, ikunje mara kadhaa, tenganisha nyuzi kwa vidole mpaka uone shina lake, ikandamize hapo kwa kidole gumba kwa nusu dakika hivi. Ikitoka na unyevu, hata kidogo, bado. Fanya hivyo katikati, kwenye kona, na mahali palipokuwa pachafu zaidi, kwa sababu pale ndipo fundi alipomwaga maji mengi. Zulia la sufu linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sufu inaweza kubeba maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi ubichi. Yale ya plastiki, polipropilini, nyuzi zake karibu hazinywi maji kabisa, ila maji hupita katikati yake yakaenda kukaa chini.

Tuje kwenye doa, maana naona ndilo lililokuuma. Kurudi kwake hakumaanishi kwamba mafundi walikudanganya. Kahawa ilipomwagika zamani, sehemu yake ilishuka mpaka kitambaa cha chini. Juu pakasafishwa. Wakati wa kukauka, maji hupotelea kwenye ncha za nyuzi, na ncha hizo huvuta mengine kutoka chini kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yanapanda na rangi ya kahawa, yanatoweka hewani, rangi inabaki juu. Kadiri zulia linavyochelewa kukauka ndivyo mpando huo unavyopata nafasi. Kumbe kufunga chumba kumelisaidia doa.

Dawa yake ni ya kutumia leo, wakati bado pabichi. Kunja taulo jeupe la pamba mara nne, liweke juu ya doa, weka juu yake kitu kizito kisichotoa rangi, kwa mfano vitabu vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na uache kwa saa kadhaa au mpaka asubuhi. Rangi itaendelea kupanda, lakini itaishia kwenye taulo badala ya kwenye nyuzi. Asubuhi ukilifunua utaona duara la kahawia kwenye taulo, na pengine pete nyeusi kidogo pembeni mwake. Hiyo ni dalili njema. Geuza upande mkavu urudie mpaka taulo litoke safi. Kama doa limeshakauka, lilowanishe kidogo sana kwa maji safi, kiasi cha kupapasa kwa kitambaa kibichi, kisha fuata njia hiyohiyo. Usisugue, kwa sababu kusugua hupasua nyuzi na mahali hapo pataonekana pamechakaa hata pakiwa safi. Wala usiongeze sabuni. Sabuni isiyosuuzwa hubaki inanata, inashika vumbi la kila unyayo, na ndani ya wiki chache utaona kiraka cheusi palepale ulipohangaika. Jiki usiiguse kabisa, na kama zulia ni la sufu ndiyo usiifikirie: klorini huila sufu.

Ukiona si doa moja bali rangi ya kahawia inatandaa eneo kubwa ambalo halikuwa na doa, hilo ni jambo lingine. Mazulia ambayo kitambaa cha nyuma ni cha juti, zile nyuzi za magunia, yakilowa kupita kiasi hutoa rangi yake yenyewe, na rangi hiyo hupanda juu. Hapo mpigie fundi. Anayeijua kazi ana dawa yenye asidi nyepesi ya kulipitia tena, kisha atalikausha haraka.

Kuhusu harufu, nayo isikilize kabla ya kuihukumu. Sufu iliyolowa hunuka kama sufu, harufu ya mnyama, na huisha likikauka. Ikiwa kuna paka au mbwa aliyewahi kukojoa hapo, au mtoto, maji huamsha chumvi za mkojo zilizokuwa zimekauka chini, na harufu inakuja kali kuliko kabla ya kuosha. Hiyo mara nyingi hupungua likikauka lakini haiondoki yote. Inataka dawa maalumu ya mkojo, na fundi alipaswa kuambiwa mapema. Ya tatu ni harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ya uvundo. Ikiwa siku ya pili bado ipo, maana yake chini hakujakauka, na hapo usivumilie. Nakuomba usipulize manukato wala kumwaga magadi ya unga juu ya zulia bichi. Manukato yanaficha kitu unachohitaji kukijua, na unga hugeuka uji unaong'ang'ania kwenye mashina ya nyuzi.

Makochi yasirudi usiku huu. Nimeona katika nyumba ya mteja mmoja meza ndogo ya kioo yenye miguu ya chuma iliyorudishwa jioni ileile. Asubuhi palikuwa na viduara vinne vya kutu kwenye zulia la rangi ya maziwa. Kutu ni kazi kuliko uchafu wote tuliotoa siku ile. Miguu ya mbao nayo hutoa rangi ya vanishi, nyekundu au kahawia, ikaingia kwenye nyuzi. Kama huna pa kuweka vitu na lazima virudi, weka chini ya kila mguu kipande cha foili kilichokunjwa mara kadhaa, au kipande cha plastiki ngumu, na ukiache mpaka upimaji wa karatasi ukupe jibu kavu. Kochi lenye kitambaa kinachoning'inia hadi chini, kikunje juu ukibane kwa pini, kwa kuwa nacho hunywa maji na kutoa rangi. Usitandaze nailoni juu ya zulia lote kwa kutaka kulikinga. Utakuwa umefunga tena ule mlango niliokwambia ufungue.

Kukanyaga si kosa kubwa kama ulivyoambiwa, muhimu ni unakanyaga na nini. Ikibidi kupita, pita na soksi safi nyeupe. Miguu mitupu ina mafuta na jasho, na nyuzi bichi huyashika, viatu tusiviseme. Hatari ya kweli ni pale unapotoka kwenye zulia bichi ukaingia kwenye vigae au sakafu ya mbao. Soli zenye maji huteleza vibaya mno, kwa hiyo weka taulo kavu mlangoni, na kama kuna mzee ndani ya nyumba apite njia nyingine. Mtoto anayetambaa asiwekwe hapo mpaka pakauke. Bado kuna mabaki ya dawa na yeye mkono unaishia mdomoni. Kama mafundi walipulizia dawa ya kukinga madoa, liache zulia saa 24 kamili bila kukanyagwa, kwani dawa hiyo hushika inapokauka.

Ukiona zulia limeinuka mawimbi, usikimbilie kulikata wala kuligongomea. Gundi na kitambaa cha nyuma hulegea kwa unyevu, na mara nyingi hujinyoosha vyenyewe likikauka. Likikauka kabisa na mawimbi yakabaki kwa siku kadhaa, basi lilikuwa limelegea tangu zamani na linahitaji kuvutwa upya na fundi wa kutandika.

Nyuzi zikiwa bado na ubichi kidogo, zichane kwa brashi laini kuelekea upande mmoja. Zikikauka zimelala ovyo zitabaki hivyo. Mashine ya kufyonza vumbi isubiri likauke kabisa. Siku inayofuata ipitishe polepole, itatoa chembe za uchafu na mabaki ya sabuni vilivyoachia wakati wa kukauka.

Na hela yako? Sikushauri kuidai sasa. Kanyaga kwa nguvu mahali ambapo walifanyia kazi zaidi. Maji yakichuruzika au ukisikia sauti ya majimaji, wameacha maji mengi mno, na una haki ya kuwaita leo hii, hata kama ni usiku, warudi wafyonze bila kumwaga kitu kingine. Kama ni ubichi wa kawaida, endelea na feni na taulo. Doa likiendelea kupanda baada ya kulikandamiza usiku wote, waite waje walipitie tena sehemu hiyo. Fundi mwaminifu hurudi kwa kazi ya namna hiyo bila malipo, maana anajua ni kitu cha kawaida.

Ukipata nafasi kesho, inua kona moja ya zulia taratibu, utuambie nyuma yake ni juti au plastiki, na taulo limetoka na rangi gani.